Siku Mama Gati Aliponichoka

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimelifikiria jambo hilo tangu wiki ile na bado sijalielewa. Mtu ameamka alfajiri kwa miaka thelathini na kitu, hatimaye ameambiwa basi, pumzika, halafu anakabidhiwa saa. Haya, ahsanteni. Nimeitundika sebuleni hapa Kendu Bay. Inakimbia dakika kumi mbele, na sina haraka ya kuirekebisha.

Mlinisihi pia niandike ninayoyakumbuka ya kazi ili yawafae mnaobaki. Nilikataa. Mimi ni mtu wa kudunga ng'ombe sindano, siyo wa kuandika. Lakini juzi nikaletewa habari za Atieno. Ng'ombe wa mzee mmoja huku kwetu alimfia mikononi akimzalisha, ndama naye akafa, na tangu siku hiyo binti huyu anapitia kwa yule mzee kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Anasema samahani, anaondoka. Kesho yake, samahani, anaondoka. Na sasa ameandika barua aondolewe vijijini, apewe kazi ya meza. Yaye! Atieno, kwa jinsi ninavyokupenda, umeniudhi. Hii naiandika kwa ajili yako. Wenzako wasome tu, hawatadhurika.

Nilianza kazi Homa Bay chini ya Bwana Owuor, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya na kalamu mbili mfukoni. Hakunipa sindano wala kipimajoto. Alinipa kamba. Kulikuwa na fahali wa kutibiwa jicho, na wanaume kama ishirini wamekuja kutazama msichana akirushwa juu ya ua. Nikamwambia Bwana Owuor kwamba watu wananicheka. Akasema, "Ng'ombe hajui wewe ni mwanamke. Ni hawa tu wanaojua. Sasa unamfunga nani, ng'ombe au hawa?" Alinionyesha jinsi ya kupitisha kamba shingoni, kifuani, tumboni, kisha kuvuta kwa nyuma bila pupa mpaka mnyama alale mwenyewe. Nilivuta mara nne. Mara ya tano fahali akalala, na nusu ya wale watazamaji wakaenda zao kwa huzuni.

Jambo moja la Bwana Owuor lilinikera kwa miaka mingi. Mnyama akimfia, alijiuliza kwa sauti, mbele ya mwenye mnyama: nimefanya nini, sikufanya nini, na kesho nitafanya nini? Aliyajibu yote matatu, kwa ukweli, hata kama ukweli ulimwumbua. Kisha ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anakaa, na anakunywa chai akiletewa. Anakunywa! Ng'ombe wa watu amelala pale, na yeye anauliza kama kuna sukari zaidi. Nilimwona mtu asiye na moyo. Nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa hivyo, na kwa kweli sikuwa hivyo. Nilikuwa kitu kibaya zaidi.

Nikahamishiwa Ntimaru. Wanangu wawili niliwaacha kwa mama yangu Kendu Bay, kwa sababu kule nyumba niliyopewa ilikuwa chumba kimoja, nusu yake magunia ya chokaa. Ofisi ilikuwa na meza, pikipiki moja, na jokofu la chanjo lililofanya kazi likipenda. Mwezi wa kwanza, kila nilipofika katika boma la Wakuria, mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Sawa mama. Lakini daktari mwenyewe?"

Mtu wa kwanza kuniita daktari bila kutabasamu alikuwa Chacha. Dume lake lilikuwa limevimba tumbo kwa majani mabichi, linakoroma, ulimi nje. Nilitoboa ubavu wa kushoto kwa ile sindano nene ya kutoa hewa, upepo ukatoka kwa kishindo, na dakika chache baadaye dume likasimama na kuanza kutafuta majani yaleyale yaliyokuwa nusura yaliue. Chacha akawageukia majirani. "Huyu ndiye daktari yetu," akasema. "Mtu akimsumbua, anisumbue mimi." Kuanzia siku hiyo sikuulizwa tena.

Lakini mjue Chacha alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na sauti kubwa, mkarimu, na mbishi kupita kiasi. Ukimwambia peleka ng'ombe joshoni Jumanne, atawapeleka Jumatano ili ujue ng'ombe ni wake. Mkewe, Mama Gati, alikuwa amekwisha kuacha kushindana naye. Alikuwa akisema tu, "Haya," na kuendelea kupepeta mtama wake.

Basi, siku moja ya Ijumaa, asubuhi, Chacha akanitumia mtu. Ng'ombe mmoja amekutwa amekufa zizini, na jana jioni alikuwa mzima. Nilifika nikamwangalia. Amefura, miguu haijakakamaa, na damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi. Ninyi mnajua ni nini. Kimeta. Sikumpasua. Nilivaa glovu, nikachukua tone la damu ya sikio kwenye kioo cha maabara, nikawaita watu wote wa boma. Nikawaambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuria changu kibovu, kwamba nyama hii inaua. Msichune, msikate, msionje. Chifu akaja akarudia yaleyale kwa Kikuria kizuri. Tukapata vijana sita wa kuchimba shimo, nami nikaleta magunia mawili ya chokaa.

Chacha alisimama mikono nyuma, akimtazama ng'ombe. Huyu alikuwa amekuja na mahari ya Gati, binti yao wa kwanza, na ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika zizi lile.

Ilipofika saa saba mchana, shimo lilikuwa limefika kiunoni. Sasa mimi ni Msabato. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na kutoka Ntimaru mpaka Kendu Bay si hapo na pale. Kila Ijumaa nilikimbizana na lile jua ili nifike kwa wanangu kabla ya wimbo wa kufungua. Chacha mwenyewe ndiye aliyeniambia. "Daktari, nenda. Watoto wanakungoja. Ng'ombe ni yangu, mimi nitazika."

Nikaenda. Nilifika jua likiwa bado juu ya ziwa, nikaoga, nikaimba. Siku ya pili kanisani niliimba tena. Nilikuwa na sauti nzuri zamani.

Jumatatu nilirudi na chanjo. Shimo lilikuwa limefukiwa, limesawazishwa, na juu yake yamewekwa matawi ya miiba. Kazi safi. Nikamshukuru Chacha mbele ya watu wote, nikawaambia majirani waige mfano. Alikuwa amefunga mkono wa kulia kwa kitambaa. Nikauliza ni nini, akasema panga. Nikasema pole. Nikaendelea kuchanja, maana ng'ombe walikuwa wengi na barafu ilikuwa inayeyuka.

Wiki haikwisha. Walimpeleka hospitali mkono ukiwa umevimba mpaka begani, na kidonda cheusi cha kimeta, kile alichokuwa amekiita cha panga. Muda ulikuwa umepita. Chacha akafa. Hapo ndipo maneno yakatoka: nilipoondoka tu, aliwarudisha wale vijana makwao, akamchuna ng'ombe yeye mwenyewe, na boma zima likala. Wote wakapewa dawa hospitalini, na kwa rehema za Mungu hakufa mwingine. Na shimoni, lile nililolisifu mbele ya watu, mlikuwa na kichwa, ngozi na chokaa yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuanzia hapa mimi ndiye mjinga wa hadithi hii.

Niliamua nimemuua Chacha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Mkubwa wangu alisoma ripoti akasema nilifuata utaratibu. Chifu alisema Chacha alijitakia. Nikawaona wote wananihurumia, na huruma yao ikanipa hasira. Nikajihukumu peke yangu, nikiwa shahidi, hakimu na askari jela, na hakimu yule hakuwa na siku ya kupumzika.

Mnakumbuka ile kamba yangu yenye mafundo, ya kupimia kina cha shimo? Mliicheka nyuma yangu, nilijua. Sikuondoka tena penye mzoga mpaka koleo la mwisho, hata kama ni kuku. Ndiyo, kuku! Nilikuwa nasimama juani saa nzima nikimlinda kuku maiti. Sokoni Ntimaru nikiona mtu amefunga kidole, namwendea, "Hebu nionyeshe." Kuna mama muuza mahindi aliyenikimbiza na gunzi. Alikuwa amechomwa na mwiba tu. Sabato nilikuwa nafanya kazi, na nikipata nafasi ya kwenda kanisani nakaa karibu na mlango, midomo imefungwa. Mara mbili nilipewa uhamisho wa kurudi nyumbani, kwa wanangu, nikaukataa. Niliona mtu kama mimi hastahili kurudi nyumbani. Wanangu walistahili mama, lakini hilo hakimu hakuliuliza.

Na ninyi mliofanya kazi chini yangu mlionja. Kijana akisahau kuandika joto la ndama mmoja, namsema mpaka machozi. Nilidhani nawafundisha umakini. Mkali kwa nafsi yake hamalizii hapo, Atieno. Anamwagikia wengine.

Kisha kulikuwa na zile ziara. Kila mwaka, mwezi aliokufa Chacha, nilikwenda kwa Mama Gati na sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Mara moja kwa mwaka, basi. Siku nyingine zote nilizunguka kwa njia ya mbali ili nisipite mbele ya boma lile, na zamu ya kuchanja ikifika upande huo natuma mwingine. Lakini siku yangu ya mwaka sikuikosa. Nafika, nakaa kwenye kigoda, naanza, "Mama Gati, mimi ile Ijumaa," na kabla sijafika kwenye Jumatatu tayari nalia. Yeye anaacha kazi yake, anawasha moto, anapika chai. Ananishika mgongo. "Pole, daktari. Pole." Nikitoka pale najisikia nafuu kwa siku mbili hivi. Nilifanya hivyo miaka kumi na miwili. Nilidhani namfanyia heshima.

Mwaka wa kumi na tatu, nikiwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, nilifika kama kawaida. Nikaweka mfuko wangu mezani, nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama Gati, mimi ile Ijumaa."

"Daktari," akasema, "nyamaza."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nyamaza. Leo sipiki chai."

Alikuwa amesimama na ungo mkononi. Mama Gati ni mwanamke mwembamba, mrefu kuliko mimi, na katika miaka yote ile sikuwa nimemsikia akipandisha sauti. Hata siku hiyo hakuipandisha.

"Kila mwaka unakuja hapa na hiyo uso. Unakaa hapo, unalia. Mimi naacha kazi, natafuta kuni, napika chai, nakushika mgongo. Pole daktari, pole daktari. Mimi nakuuliza, bwana aliyekufa alikuwa wa nani? Wako?"

"Wako, mama."

"Sasa hiyo pole ni ya nani?"

Nilitazama mfuko wa sukari.

"Chacha ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu ya kuambiwa?"

"Hapana."

"Hata baba yake alikuwa hamwambii kitu. Siku hiyo alisimama pale pale uliona, anangoja wewe utoke. Ungekaa mpaka Jumapili, angengoja mpaka Jumapili. Ungeweka kiti juu ya hiyo shimo ukalie, angechimba na upande." Akaweka ungo chini. "Wewe ulimwambia. Chifu alimwambia. Mimi pia nilimwambia, siku hiyo moja nilimwambia. Akasema ng'ombe ya mahari ya Gati haitupwi kwa shimo kama mbwa. Hayo ni maneno ya bwana yangu. Aliyasema na akili yake yote. Sasa wewe unakuja kila mwaka kumnyang'anya. Unamfanya kama mtoto ametoroka yaya. Chacha! Mtu mzima na boma yake!"

Nikasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Na mkono? Niliuona mkono umefungwa. Sikumwambia afungue."

Nilitaka aseme na huo pia si wangu. Nilimwangalia nikimwomba aseme hivyo.

"Mkono, ndiyo," akasema. "Wewe ni daktari. Ungeangalia. Hiyo ni yako."

Iliuma, sitawadanganya. Lakini iliuma mahali pamoja, na kwa miaka kumi na tatu ilikuwa ikiuma kila mahali.

"Hiyo ni yako, ibebe," akaendelea. "Lakini daktari, wewe umebeba ng'ombe mzima."

Nikataka kucheka, nikashindwa, nikaanza kulia. Mazoea ni kitu kibaya. Mama Gati akapiga kofi moja kwenye meza.

"Tena! Unaona? Tena! Niambie, nyama alipika nani?"

"Nyama gani?"

"Nyama ya hiyo ng'ombe. Chacha alichuna. Nani alipika?"

Nikaacha kulia. Jamani, sikuwa nimewahi kujiuliza. Mimi niliyeijua saa, dakika, kina cha shimo na idadi ya magunia ya chokaa.

"Ni mimi," akasema Mama Gati. "Nilijua ni mbaya, nikapika. Niliweka chumvi. Nikampatia yeye kwanza, halafu watoto. Miaka yote hiyo umekuja hapa. Umeniuliza hata siku moja, Mama Gati, unalala aje? Ningekwambia saa ngapi? Ukifika unalia wewe kwanza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Haikuwa ile hatia yangu ya kawaida. Ile niliizoea, nilikuwa nimeilea. Hii ilikuwa mpya na ilikuwa ya haki. Nilikuwa nimeketi miaka kumi na miwili mbele ya mjane aliyekuwa na jiwe lake rohoni, nikampa langu anishikie.

Nikamuuliza, "Mama Gati, unalala vipi?"

Akakaa. Aliyonieleza ni yake na sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba alizungumza mpaka kivuli cha ghala kikahamia upande wa pili wa ua, na mimi sikusema neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuangusha fahali.

Atieno, najua utaniuliza, sasa mtu atajuaje? Atajuaje kwamba hiki ni kujikosoa kwa haki, na hiki ni kujitesa? Mimi si mhubiri. Nitakwambia nilichokiona kwangu. Nilipokuwa na kosa la kweli, lile la mkono, lilikuwa na jina, na lilikuwa na dawa: siku nyingine fungua kitambaa, angalia. Limekwisha. Lile jingine halikuwa na jina wala dawa. Lilinitaka nirudi tu, na nirudi tena. Na watu waliponiambia ukweli wenye nafuu niliwakasirikia, kana kwamba wananiibia. Ukiona unawakasirikia watu kwa sababu wanakutetea, simama hapohapo. Halafu jiulize ni nani anayepika chai. Kama uliyemkosea ndiye anayekuandalia chai na kukushika mgongo, basi huko si kutubu, ni kumsumbua mtu. Bwana Owuor, Mungu amrehemu, alijua hili na mimi nilimwona hana moyo. Chai aliinywa, lakini hakumlilia mtu, na yale maswali yake matatu yalikuwa na mwisho. Langu lilikuwa moja, na halikuwa na mwisho.

Na kuna kiburi ndani yake, tusifichane. Kujiona wewe ndiye uliyemuua Chacha, ni kujiona wewe ndiye uliyekuwa unamweka hai. Loo! Mtu aliyewashinda mkewe, chifu na baba yake, eti mimi na pikipiki yangu ndio tungemweza.

Turudi Ntimaru. Mama Gati alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya leso, akasimama, akaniangalia kwa namna nyingine kabisa, kama mtu anayetazama jembe akikadiria kama bado linalima.

"Sasa simama," akasema. "Kuna ng'ombe huko nyuma. Siku ya tatu leo anapiga ndama teke. Hataki anyonye."

"Siku ya tatu! Mbona hukuniita?"

"Nikuite? Uje ulie juu ya ng'ombe?"

Akaniambia basi, bila uchungu, kwamba kwa miaka yote hiyo ng'ombe wake wakiugua alikuwa ananunua dawa kwa mtu wa sokoni anayeuza chupa zisizo na maandishi. Vijana niliowatuma walikuja kuchanja na kuondoka, na yeye alidhani nimewakataza kukaa. Alikuwa amepoteza ndama wawili na dume moja. Mimi nilikuwa nazunguka njia ya mbali kwa heshima ya marehemu, na mali ya marehemu inaisha.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, Atieno. Yule mzee wako wa kila asubuhi, nimemuulizia. Ana ng'ombe mwingine, mtamba mwenye mimba ya kwanza, amebakiza kama mwezi mmoja azae. Kila siku unapita mbele yake ukienda kusema samahani. Je, umeshamshika tumbo hata mara moja?

Tulikwenda nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikuwa mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda, na hasira za kutosha watu watatu. Mama Gati akamfunga kwenye nguzo, akashika kamba. Nikachuchumaa. Robo ya nyuma ya kiwele, upande wa kulia, ilikuwa ngumu na baridi, na nilipobana chuchu yakatoka maji ya rangi ya kutu yenye harufu. Ile robo ilikuwa imekufa kwa ugonjwa wa kiwele. Siku tatu nyuma ingepona. Mwaka mmoja nyuma, kama ningekuwa napita njia ya karibu, ningewafundisha watu wa boma hili kukamua tone la kwanza kwenye kiganja na kuliangalia kama lina mabonge kabla ya yote.

Nikafungua mdomo.

Mama Gati alikuwa ananitazama juu ya mgongo wa ng'ombe.

Nikaufunga. Nikashika chuchu nyingine, moja baada ya nyingine, na kila moja ikatoa maziwa meupe. Nikakunja mikono ya shati.

"Tatu ni nzima," nikamwambia. "Lete maji ya moto."